Tupa Iliyozibwa Si Tupa Butu

Katibu wa chama chenye karakana huletewa mara kwa mara ombi la kununua tupa au ncha mpya za keekee, na sababu iliyoandikwa ni kwamba zile za zamani zimekwisha makali. Kabla fedha za wanachama hazijaidhinishwa, yafaa kifaa chenyewe kiletwe na kutazamwa kwenye mwanga. Aghalabu meno yake yangali mazima. Yamezibwa tu na alumini.

Alumini ni madini laini. Inapokatwa, joto na mgandamizo huifanya igande kwenye ukingo wa kifaa kana kwamba imeungwa kwa moto. Tangu hapo tundu hutoka pana kuliko kipimo, nayo tupa hukwaruza badala ya kulainisha. Fundi asiyetambua jambo hili hukimbilia jiwe la kunolea, akaifupisha bure ncha iliyokuwa nzima. Tupa hainoleki kwa jiwe, basi hiyo hutupwa.

Kwanza itumike brashi ya waya, ikifuata mifereji ya meno. Pale inaposhindwa, kipande cha shaba kilichopondwa kikawa bapa kisukumwe kufuata mifereji hiyo hiyo. Baada ya misukumo michache shaba yenyewe hupata umbo la meno na kuzitoa chenga. Msumari usitumike, kwa maana huyaharibu meno.

Alumini iliyogandamana kabisa huondolewa kwa kostiki soda. Watengenezaji wa sabuni wanajua kwa nini haichanganywi katika sufuria ya alumini: huila. Chuma cha pua haikidhuru. (Juu ya mabaki ya chuma au shaba haisaidii kitu, hayo ni kazi ya brashi.) Mpini wa tupa uondolewe, na kazi ifanyike nje, katika ndoo ya plastiki. Maji hutangulia, kisha kostiki hutiwa kidogo kidogo. Kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, kwani huchemka ghafula na kuruka. Kifaa kikizamishwa, mapovu hutoka. Hayo ni haidrojeni, gesi ishikayo moto, kwa hiyo sigara na jiko viwe mbali. Mapovu yakikoma, alumini imekwisha. Kifaa kisuuzwe kwa maji mengi na kukaushwa mara moja kisipate kutu.

Glavu za mpira na miwani ya kazi si hiari. Tone likiingia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, na mtu apelekwe zahanati bila kungoja maumivu yazidi.

Ili hali hiyo isirudi upesi, tupa ipakwe chaki kabla ya kazi ya alumini, na keekee idondoshewe mafuta ya taa wakati wa kutoboa. Kostiki iliyobaki ifungwe barabara, kwani hufyonza unyevu wa hewa, iandikwe jina lake waziwazi, na ufunguo wa kabati akae nao mtunza ghala.