Pikapu nzito kuchanganya: tatizo ni hewa, siyo pampu

Wafanyabiashara wanaosafirisha mihogo, matunda na mboga kwa pikapu za dizeli kutoka Chanika kwenda masoko ya Buguruni na Ilala wanashauriwa kutokimbilia pampu kila gari linapopungua nguvu.

Mzigo wa alfajiri ndio wenye bei. Pikapu inayojikongoja kwenye vilima vya Pugu ikiwa na tani moja hufika wakati wanunuzi wa jumla wamekwisha kununua, na mwenye mali huuza kwa hasara. Ndiyo maana wengi humwomba fundi "afungue pampu", yaani aongeze dizeli inayoingia kwenye injini.

Dawa hiyo ni ghali. Lita moja ya dizeli inahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa ili iungue vizuri. Injini zisizo na turbo, kama 2L na 3L za Toyota Hilux au 1HZ ya Land Cruiser, huvuta hewa kwa nguvu zake zenyewe tu. Dizeli ikizidi hewa iliyopo, ziada hutoka kwenye eksozi kama moshi mweusi. Aidha, joto hupanda, na mwishowe pistoni au silinda hedi huharibika.

Kwa mfano, pikapu inayopoteza nusu lita kwa safari, ikienda safari mbili kwa siku kwa siku 26, hupoteza lita 26 kwa mwezi. Mwenye gari alinganishe kiasi hicho na bei ya filta moja.

Ukaguzi uanze na vitu visivyo na gharama kubwa. Kwanza, filta ya hewa: vumbi la njia za mashambani huiziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Pili, waya wa mafuta: pedali ikikanyagwa hadi chini, mkono wa pampu ufike mwisho wake. Waya uliolegea hupunguza nguvu bila kifaa chochote kuwa kibovu.

Tatu, filta ya dizeli imwagwe maji na kubadilishwa kwa wakati. Mafuta ya kuchakachua ni adui wa pampu na nozeli, kwani mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya.

Nne, breki zinazoshika, matairi yenye upepo mdogo na klachi inayoteleza. Injini ikilia zaidi lakini mwendo hauongezeki, klachi imekwisha. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani nayo hufanya kila gia kuwa nzito.

Hapo ndipo fundi apime nozeli, taimingi na kompresheni. Kwenye 2L na 3L, mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika, unaweza kuharibu injini.

Dereva naye ana sehemu yake. Injini hizo za Hilux huvuta vizuri zaidi karibu na mizunguko 2,400 kwa dakika. Kuishikilia gia ndogo hadi injini ipige kelele hakuongezi nguvu ya kuvuta, na kubaki gia kubwa mlimani huizamisha. Gia ishushwe kabla mwendo haujafa.

Wenye safari za mikoani wazingatie pia kuwa hewa hupungua kadiri nchi inavyoinuka. Kila mita 1,000 huondoa takriban asilimia 10 ya nguvu ya injini isiyo na turbo. Pampu iliyofunguliwa Dar es Salaam, ambako ni pwani, itatoa moshi mwingi zaidi ikifika Mbeya.

Kwa anayenunua pikapu iliyotumika, moshi ni shahidi mzuri. Mweusi huonyesha upungufu wa hewa, nozeli mbovu au pampu iliyofunguliwa. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma injini ikiwa ya moto ni dalili ya taimingi kuchelewa au maji kuingia kwenye silinda. Gari lijaribiwe likiwa na mzigo, tena mlimani. Tupu na kwenye tambarare, karibu kila pikapu huchanganya vizuri.