Ukumbi Mkubwa Uwe wa Wafanyakazi

Masika yanapoingia Dar es Salaam, michezo ya jioni husimama. Viwanja vya Kidongo Chekundu, jirani na Gerezani, vilivyofunguliwa mwaka 2015, vimewafaa sana vijana wetu. Lakini havina paa, na mvua ikinyesha, mpira wa kikapu umekwisha.

Jiji kubwa kama letu lastahili ukumbi wa michezo na muziki wenye kuingiza maelfu ya watu. Nairobi ilijenga wake huko Kasarani kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Kigali, mji mdogo kuliko wetu, ilifungua wake Agosti 2019, wenye nafasi ya watu wapatao 10,000. Na mwaka 2021 msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika ukachezwa humo. Ukumbi wetu wa Diamond Jubilee, pale Upanga, umetutumikia miaka mingi, lakini haulingani na huo kwa ukubwa.

Wako watakaouliza: utaalamu tutautoa wapi? Twawajibu waitazame Kariakoo. Soko lililofunguliwa mwaka 1975 lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, kwa paa la zege lenye umbo la miavuli, linalokinga maji ya mvua. Aliyejenga paa la namna hiyo kwa ajili ya wauza mchicha hashindwi kujenga jingine kwa wacheza netiboli. Moto wa Julai 2021 nao umetuachia somo: palipo na umati, milango ya kutokea na maji ya kuzimia moto ndiyo mambo ya kwanza, si mapambo.

Lakini swali lililo kubwa kuliko yote ni hili: ukumbi huo utakuwa wa nani? Ukijengwa mbali, mchukuzi wa Kariakoo na fundi wa Gerezani watausikia redioni tu. Onyesho likiisha usiku na mabasi yamekwisha, tiketi ya bei nafuu haimsaidii mtu. Gerezani ni kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendokasi. Basi ukumbi na ujengwe penye njia kama hiyo, na basi la mwisho lingoje onyesho la mwisho.

Wala tusikubali ukumbi ujengwe kwa kumvunjia fundi karakana yake. Starehe inayomnyima mtu riziki si starehe ya umma. Mashindano ya shule na ya wafanyakazi yatengewe siku zake katika kila juma, kwa kiingilio ambacho kibarua aweza kukilipa.

Wazee walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Vijana wetu wapo, ngoma zetu zipo. Twadai mahali pa kuchezea, na mlango ambao mfanyakazi ataingia bila kuona haya.