Skrini ikichafuka, usikimbilie kununua nyingine

KIPAKATALISHI kinapoanza kuonyesha mistari ya rangi au picha zilizokatikakatika, wengi hukimbilia kununua skrini mpya. Aghalabu hupoteza pesa bure.

Kwanza, nakili kazi zako kwenye diski nyingine ungali unaona. Kisha unganisha kipakatalishi na runinga au projekta. Picha ikiwa safi huko, kasoro imo katika skrini yenyewe au waya wake, ambao hupitia kwenye bawaba na kuchakaa kadiri kifuniko kinavyofunguliwa na kufungwa. Ukikisogeza kifuniko na mistari ibadilike, mshuku waya. Bei yake ni nafuu kuliko ya skrini.

Mistari ikijitokeza hata kwenye runinga, tena kabla ya Windows kuanza, basi mgonjwa ni chipu ya grafiki. Ikianza baada ya Windows kufunguka, jaribu kwanza kuweka upya programu inayoiendesha chipu hiyo.

Chipu huuawa na joto. Mnamo Julai 2008, kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kugharimia chipu za vipakatalishi zilizokuwa zikiharibika kutokana na udhaifu wa malighafi iliyozishikilia.

Wapo mafundi wanaoichoma chipu kwa hewa moto. Mashine hufufuka, mteja akalipa. Ufufuo huo kwa kawaida haudumu, kwani ufa wa ndani haujazibwa. Kabla ya kulipa, dai dhamana ya maandishi ya miezi kadhaa. Fundi aliyebadilisha chipu yenyewe hatasita kuitoa.