Fahamu: Kwa nini kidato cha kwanza humlemea mtoto wa visiwani

Kila Januari, vivuko vinavyotoka Nansio, Ukerewe, hushusha Mwanza matranka, magodoro na ndoo zilizoandikwa majina kwa rangi. Wenyewe ni wanafunzi wa kidato cha kwanza, baadhi yao wakielekea shule za bweni kama Bwiru.

Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016. Mzigo uliobaki ni lugha.

Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na nyumbani huenda anazungumza Kikerewe au Kijita. Ghafla biolojia, jiografia na hisabati zinakuja kwa Kiingereza. Shule huanza na kozi ya awali ya lugha hiyo, lakini kwa wengi haitoshi: anayelijua jibu hunyamaza kwa kukosa maneno, na wenzake humwona mzito. Hilo linaumiza, maana alikuwa akiongoza darasani kwao.

Mzazi aliye mbali huenda asijue hayo, kwa kuwa bwenini simu haziruhusiwi, hivyo habari hupitia kwa matroni au mwalimu wa malezi. Mzazi achukue namba yake siku ileile ya kuripoti, na amweleze mapema kama mtoto ana pumu au selimundu.