Risasi Mezani: Gharama Isiyoandikwa ya Kujaza Risasi za Bastola Nyumbani

Neno risasi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni jina la metali laini ya rangi ya kijivu, nzito, iyeyukayo upesi. Na papo hapo ni jina la kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Anayesema kwamba fundi anasubu risasi ametaja metali na silaha kwa pumzi moja. Makala haya yanahusu mahali ambapo maana hizo mbili hukutana juu ya meza ya mtu, katika gereji au chumba cha chini cha nyumba yake, na jinsi metali hiyo inavyohama kutoka mezani na kuingia katika damu.

Mahali penyewe ni Marekani. Sheria ya shirikisho huko haimdai mtu leseni anapojaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza, ndipo inapomdai. Wapenzi wa mchezo wa kulenga shabaha wamelifanya jambo hili kuwa ufundi wa jioni, kama wengine wanavyoshona au kurekebisha redio. Nchini Kenya na Tanzania hali ni tofauti kabisa: kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na makala haya hayamshawishi yeyote kujaribu. Naliandika jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, wapo wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Texas, Minnesota na kwingineko huko, ambao hununua vifaa hivi kihalali bila kupata neno la daktari. Pili, metali ile ile huyeyushwa katika fukwe na karakana zetu, na mgonjwa wake hufika zahanati akiwa na malalamiko yale yale.

Hesabu ya mwenye meza

Risasi nzima ya bastola ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyopachikwa kitakoni, baruti, na kichwa. Ikishafyatuliwa, kinachobaki mkononi ni ganda, ambalo kwa kawaida ndilo la gharama kubwa kuliko sehemu nyingine. Mwenye kujaza huliokota, hulisafisha, huondoa fataki iliyokwisha, hulirudishia umbo lake kwa mashine ya kushindilia, kisha huweka fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Ganda moja la bastola likitunzwa huweza kutumika mara nyingi.

Mashine hizo ni za aina mbili kubwa. Ipo ya hatua moja, ambayo kila mvuto wa mkono hufanya kazi moja tu kwa ganda moja. Seti ya kuanzia ya aina hiyo hupatikana kwa takriban dola 200 hadi 400. Ipo pia ile inayozungusha maganda na kutoa risasi kamili kwa kila mvuto, na bei yake huweza kupita dola 800. Kwa anayeanza, naona ile ya hatua moja inatosha. Ni ya polepole, lakini humlazimisha mtu kulitazama kila ganda, na ganda lililotiwa baruti mara mbili huweza kupasua bastola mkononi. Fedha iliyookolewa hapo inunue mizani nzuri na miwani ya kukinga macho.

Je, kuna faida? Tuchukue mfano wa kukadiria. Fataki ikigharimu senti 8, baruti senti 3 na kichwa senti 10, risasi moja ya milimita 9 imesimama kwa senti 21. Ikiwa ya dukani ni senti 27, kila risasi imeokoa senti 6. Kwa vifaa vya dola 400, mtu atajaza risasi zipatazo 6,700 kabla ya kurudisha mtaji wake, na bado hatujahesabu jioni zake. Hesabu hii pia si imara. Katika miaka ya 2020 na 2021, risasi zilipoadimika Marekani, fataki zilipanda bei kutoka karibu senti 3 hadi senti 10 na zaidi, zikipatikana. Kwa bastola za kipimo kikubwa kisichotumiwa na wengi faida huwa nono zaidi, lakini kwa milimita 9 ni nyembamba sana.

Wembamba huo wa faida ndio chanzo cha tatizo la kiafya. Mtu aliyekwisha kununua mashine hutafuta mahali pengine pa kubania, na sehemu iliyo rahisi kubania ni kichwa. Akinunua kalibu na jiko dogo la umeme, akakusanya vipande vya risasi chakavu, anaweza kusubu vichwa vyake mwenyewe kwa senti chache. Kilo moja ya metali hutoa vichwa 125 vya gramu 8. Akibania pia katika usafishaji wa maganda, amejiletea njia mbili za sumu kuingia nyumbani.

Vumbi kabla ya moshi

Wengi huiogopa sufuria na kulisahau vumbi. Fataki ya kawaida ina kemikali iitwayo stifineti ya risasi, nayo ikilipuka huacha mabaki laini ndani ya ganda. Maganda hayo machafu husafishwa kwa njia mbili. Ya kwanza, iliyo rahisi na inayopendwa, ni bakuli linalotetemeka lililojaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi. Maganda ya risasi hutoka yaking'aa, lakini uchafu wote umehamia katika yale magunzi, na mtu anapoyamimina na kuyachekecha huinuka wingu jepesi la vumbi lenye risasi. Nikiulizwa na mgonjwa ni kifaa gani akitupe kwanza, nitakitaja hiki.

Njia ya pili ni ngoma inayozunguka yenye maji, sabuni na visindano vya chuma kisichoshika kutu. Hugharimu zaidi, tena maganda yanapaswa kukaushwa vizuri, lakini uchafu hubaki ndani ya maji na haupeperuki. Maji yale si ya kumwaga bustanini wala katika sinki la jikoni. Yakusanywe na kupelekwa kunakopokelewa taka za sumu za majumbani. Ikiwa bajeti ya msomaji inaruhusu nyongeza moja tu, iwe hii.

Kwa upande wa vichwa, vilivyofunikwa shaba pande zote ni bora kuliko vya risasi tupu, mezani na pia katika uwanja wa shabaha. Vingi viuzwavyo kuwa vimefunikwa huachwa wazi kitakoni, mahali panapounguzwa na baruti, kwa hiyo inafaa kukigeuza na kukitazama. Fataki zisizo na risasi zipo, ila kwa mtu wa nyumbani hupatikana kwa shida na kwa bei ya juu.

Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 za Selsiasi. Sufuria ikidhibitiwa joto lake na kuwekwa nje penye upepo, mvuke huwa si mwingi. Hatari kubwa ni makapi ya kijivu yanayoelea juu, ambayo yakikwanguliwa na kukauka huwa unga. Tone la maji likiangukia ndani ya metali iliyoyeyuka huirusha kama volkano ndogo. Ushauri wangu kwa mwenye watoto nyumbani, au mwenye mke mjamzito, ni mfupi: asisubu. Senti anazookoa hapo hazifikii gharama ya siku moja hospitalini Marekani.

Ndani ya mwili

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linaelekeza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu au zaidi, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mtu mzima ana desilita zipatazo 50 za damu. Kwa hiyo kiwango hicho ni sawa na mikrogramu 250 tu katika damu yote, wakati kichwa kimoja cha gramu 8 kina kiasi hicho mara 32,000. Ndiyo maana mkono unaoonekana safi unaweza kutosha kuleta madhara, mwenyewe akila sandwichi huku akijaza.

Katika damu, nusu ya risasi hupungua kwa muda wa kama mwezi mmoja. Lakini sehemu kubwa huwa imekwisha kuhamia mifupani, inakojificha kwa miaka mingi na kurudi katika damu mifupa inapolegea, kama wakati wa ujauzito au uzeeni. Huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, naye ndiye anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Risasi humpunguzia uwezo wa kujifunza, na hasara hiyo dawa haiirudishi.

Mwaka 2017 ilichapishwa tathmini iliyokusanya makala 36 za kisayansi kuhusu walenga shabaha. Katika 31 kati ya hizo walikuwamo watu wenye zaidi ya mikrogramu 10 kwa desilita, na katika 15 walikuwamo waliopita 40. Hao walikuwa katika viwanja vya shabaha. Anayetoka uwanjani na kuketi mezani kwake kujaza ameongeza mzigo juu ya mzigo.

Dalili zake ni za kawaida mno, na ndilo jambo linalotupoteza sisi waganga. Mtu mzima huja na uchovu, kuumwa kichwa, viungo kuuma, hasira za karibu, tumbo la kusokota pamoja na kufunga choo. Shinikizo la damu hupanda. Figo huchoka polepole. Mwanamume huweza kupata shida ya uzazi. Damu hupungua, na kwenye hadubini chembe nyekundu huweza kuonekana zikiwa na vitone vya buluu. Hakuna hata moja ya dalili hizi inayotamka jina la risasi yenyewe. Swali la kazi na la burudani ndilo linaloitamkisha.

Kipimo chenyewe kichukuliwe kwa damu ya mshipa. Tone la kidole huchafuliwa na risasi iliyo juu ya ngozi, hasa kwa mtu wa karakana, na kutoa jibu la kutisha lisilo la kweli. Tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo. Dawa za kunyakua risasi mwilini zina mahali pake: kwa watoto, mwongozo nilioutaja unazipendekeza kuanzia mikrogramu 45 kwa desilita. Nazo hutolewa chini ya uangalizi wa daktari; vidonge viuzwavyo holela kwa jina la kusafisha mwili si badala yake. Chakula chenye madini ya chuma na kalisi husaidia, kwani mwili wenye upungufu wa madini hayo hufyonza risasi kwa wingi zaidi.

Kwa atakayeendelea na ufundi huu, meza iwe na chumba chake, mbali na jiko na vyumba vya kulala. Sakafu isiwe ya zulia. Pasipigwe ufagio mkavu. Pafutwe kwa kitambaa chenye maji. Asile, asinywe wala asivute sigara hapo. Baruti pekee ni sababu ya kutosha ya kutovuta, na baruti na fataki zikae katika vifungashio vyake vya asili, zimefungiwa. Mikono na uso vioshwe kwa sabuni, viatu viachwe mlangoni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mambo haya karibu hayana gharama, nami nayaweka juu ya kifaa chochote cha dukani.

Chubwi, betri na mgonjwa wetu

Mhudumu wa afya wa Tanga au Lamu huenda asikutane kamwe na mtu anayejaza risasi za bastola. Atakutana na mvuvi anayeyeyusha risasi ili kusubu chubwi za mishipi na nyavu, mara nyingi kwa kopo juu ya mafiga, watoto wakiwa wamezunguka kutazama. Atakutana na fundi anayevunja betri za magari. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walijua gharama ya jambo hili pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipojengwa ubavuni mwa nyumba zao. Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao, alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Na huko mashariki ya Kongo wapo watu wanaotembea na vichwa vya risasi miilini mwao. Kichwa kilichozungukwa na msuli mara nyingi hutulia. Kilichokaa ndani ya kiungo, kama goti au nyonga, huyeyushwa polepole na ute wa kiungo, na mgonjwa huweza kuonyesha dalili za sumu miaka mingi baada ya jeraha kupona.

Kwa hiyo, mbele ya tumbo linalosokota lisilo na homa, au upungufu wa damu usiokubali dawa, nawaomba wenzangu waongeze maswali matatu katika historia ya mgonjwa: unafanya kazi gani kwa mikono yako, ndani ya nyumba yenu kuna anayeyeyusha chochote, na je, umewahi kupigwa risasi? Jibu likiwa ndiyo, apimwe yeye, na wapimwe pia watoto wa nyumba ile hata kama wanacheza vizuri. Kipimo kirudiwe baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kiwango kisiposhuka, kipo chanzo ambacho bado hakijaonekana, na inabidi mtu aende mwenyewe kuitazama ile nyumba.