Faili ya mwanao shuleni: Nani ana haki ya kuisoma?

MWEZI wa Januari ufikapo, wazazi wa Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil hupiga foleni nje ya ofisi za walimu wakuu. Mikononi wana cheti cha kuzaliwa cha mtoto, matokeo ya mtihani na barua ya daktari. Yote hayo hutiwa kwenye faili. Ni wachache wanaouliza: Je, faili hiyo itasomwa na nani?

Swali hili si la kupuuzwa. Februari 2015, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwaagiza makamishna wa kaunti, pamoja na wa Nakuru, wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Watetezi wa haki, wakiwemo KELIN, walikimbilia Mahakama Kuu. Desemba 2016, mahakama iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, vifungu 31 na 53, vinavyolinda siri za mtu na maslahi ya mtoto. Serikali iliamriwa ihifadhi majina yaliyokwisha kukusanywa kwa namna isiyoonyesha hali ya afya ya mtoto.

Hatari yenyewe ni rahisi kuielewa. Siri ya aina hiyo ikifika bwenini, mtoto huweza kuchekwa, kutengwa, hata kuacha dawa kwa aibu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu Novemba 2019 kuna Sheria ya Kulinda Data. Habari za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, tena ni lazima zitumiwe kwa manufaa ya mtoto. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Lini shule husema bila kuuliza?

Hata hivyo, si kila siri hungoja idhini. Mwanafunzi mwenye pumu akizidiwa usiku, mwalimu hatasubiri mzazi apatikane ndipo amweleze daktari. Shule pia hutii amri ya korti, na hupeleka kwa Wizara ya Elimu yale yanayotakiwa na sheria.

La muhimu zaidi ni mtoto anayedhulumiwa. Waraka wa tume ya walimu, TSC, wa mwaka 2010 humtaka mwalimu anayeshuku kwamba mwanafunzi amenajisiwa aripoti katika muda wa saa 24. Hapo idhini ya mzazi haihitajiki, kwani huenda mdhalimu yuko nyumbani. Mtoto mwenyewe aweza kupiga simu 116 bila malipo.

Tofauti basi iko wazi. Kumweleza daktari ni kumwokoa mtoto. Kuwasimulia walimu wengine habari hizo wakinywa chai, au kubandika ukutani majina ya wenye madeni ya karo, hakumwokoi yeyote.

Mzazi, kabla ya kutia sahihi fomu ya shule, uliza habari hizi ni za nini, zitawekwa wapi na nani atazisoma. Una haki ya kuziona na kutaka makosa yasahihishwe. Shule ikikupuuza, peleka malalamishi kwa Kamishna wa Data, ambaye hutakiwa kuyaamua katika siku 90.