Côte d'Azur: usichague mji kwa jina

Wengi wanaopanga likizo ya kwanza kwenye pwani ya kusini mwa Ufaransa huwa wameshachagua mji kabla ya kufungua ramani. Ni Cannes, kwa ajili ya tamasha la filamu la kila Mei, au Saint-Tropez, kwa kuwa Brigitte Bardot aliigiza huko miaka ya 1950. Majina ni makubwa, na bei zake vivyo hivyo. Saint-Tropez haina hata stesheni ya treni, na mwezi wa Agosti foleni ya magari ya kuingia mjini inaweza kukumalizia nusu siku. Kama huna boti, achana nayo.

Stesheni ndiyo kipimo changu cha kwanza. Reli itokayo Cannes hadi Ventimiglia, ng'ambo ya mpaka wa Italia, inafuata bahari na kupita Antibes, Nice, Villefranche-sur-Mer, Monaco na Menton. Lala mji mmojawapo, na mingine yote utaitembelea kwa treni ya kawaida na kurudi kabla ya chakula cha usiku. Kwa hiyo unachochagua hasa ni kitanda.

Kipimo cha pili ni ufuo, na hapo ndipo mtu wa Unguja, Bagamoyo au Mombasa anapopigwa na butwaa. Nice haina mchanga. Chini ya Promenade des Anglais, barabara maarufu iliyoanzishwa kwa fedha za Waingereza waliokuja kukimbia baridi ya kwao katika karne ya 19, ufuo ni kokoto tupu: mawe ya kijivu, laini, mengine makubwa kama viazi, yanayounguza nyayo jua la Julai likiwaka. Hatua chache tu ndani ya maji, miguu haigusi chini. Viatu vya mpira ni lazima, na asiyejua kuogelea abaki ukingoni.

Bahari yenyewe haina bamvua. Kwetu maji hupwa mtu akatembea hadi mwambani kutafuta pweza. Kule tofauti ya kupwa na kujaa haifiki nusu mita, hivyo huna haja ya kuuliza saa ya maji. Uliza joto lake. Februari ni kama nyuzi 13, Agosti kama 24. Mzoefu wa Bahari ya Hindi atatetemeka hata mwanzoni mwa Juni. Septemba ndiyo bora: maji bado yana joto la kiangazi, watoto wa Kifaransa wamerudi shuleni, na bei za vyumba zinaanza kushuka.

Jihadhari pia na viti vizuri vilivyopangwa ufuoni. Hivyo ni vya mikahawa, na kukodi kiti na mwavuli kunaweza kugharimu kuliko chakula cha mchana. Ufuo wa umma haulipiwi. Tandika taulo lako hapo.

Menton, mji wa mwisho kabla ya Italia, una malimau na sherehe yake kila Februari. Ni mtulivu mno. Wapeleke wazazi wako huko. Nice tuipe haki yake kwa chakula. Kwenye mji mkongwe utakuta socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu, ule ule tunaopikia bajia, uliookwa kwenye sinia pana la shaba ndani ya tanuri la kuni, ukakwanguliwa vipande na kunyunyiziwa pilipili manga. Unaliwa kwa mkono, ungali moto.

Lakini kitanda changu ningekiweka Antibes. Kutoka stesheni unatembea dakika chache, unapita bandari ya mashua na kuingia ndani ya kuta za kale, na hapo chini kuna ufuo wa Gravette: mchanga, maji mafupi, mawimbi yamezuiwa na ukuta, na hakuna kiingilio. Juu yake lipo jumba la Grimaldi, ambamo Picasso alichora mwaka 1946 na ambalo sasa ni makumbusho yake. Mwenye watoto hana sababu ya kutafuta kwingine.

Zimebaki karatasi. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, pamoja na bima ya afya yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Anayeitaka Septemba aanze kukusanya karatasi zake Aprili, na akodi chumba kinachoweza kufutwa bila faini hadi viza itoke.